Mifuko Ishirini na Saba

Nilihamia Bagamoyo nikiwa na masanduku mawili, barua ya daktari yenye mihuri mitatu, na mifuko thelathini ya kuvaa tumboni. Masanduku yalikuwa ya zawadi. Barua ilikuwa ya maofisa wa uwanja wa ndege. Mifuko ilikuwa yangu.

Naeleza mara moja ili tusirudi nyuma. Miaka miwili iliyopita madaktari wa Maskati walinikata kipande cha utumbo kilichokuwa na saratani. Nilipona. Lakini tangu hapo choo changu hakipiti njia ya kawaida. Hutokea kwenye tundu dogo walilolifungua upande wa kushoto wa tumbo, na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Mfuko mmoja hukaa siku tatu. Siku ya nne hukaa kwa hiari yake, na hiari yake siiamini.

Nilikuwa mkutubi wa shule kwa miaka kumi na tisa, na nilijiandaa kuhama kama nilivyokuwa nikijiandaa kwa ukaguzi. Mifuko thelathini ingenitosha miezi mitatu. Kabla haijaisha, kaka yangu Abdullatif angekuwa amenitumia mingine. Niliipanga katika mkoba wa buluu, peke yake, na juu ya mkoba nikabandika karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: BINAFSI.

Nilikuja kuishi na Shangazi Shaikha, dada wa marehemu baba, aliyebaki peke yake katika nyumba ya babu. Mimi ni mjane, watoto sina, na Maskati hapakuwa na mtu wa kunizuia. Shangazi alijua kwamba nilifanyiwa upasuaji wa tumbo. Habari ya mfuko sikumwambia. Nilikusudia kumwambia kwa utaratibu, baada ya wiki moja hivi.

Nilifika Jumatatu. Jumanne alfajiri nilikwenda Dar es Salaam kushughulikia kibali cha ukaazi. Mmoja nilikuwa nimeuvaa, na miwili ya akiba niliitia katika mkoba wa mkononi, kama muuguzi wangu alivyonifundisha. Nyumbani niliacha ishirini na saba.

Niliporudi alasiri, mkoba wa buluu ulikuwa juu ya kitanda, mdomo wazi, mtupu. Nilimkuta Shangazi barazani anachambua mchele, uso umemchangamka.

"Shangazi, vilivyokuwa kwenye mkoba wa buluu viko wapi?"

"Vimefika, alhamdulillahi. Nyumba tisa, vitatu vitatu. Hakuna aliyenung'unika."

Hapa nieleze desturi. Katika nyumba ya babu, mtu akitoka safari ya mbali hafungui sanduku lake mwenyewe. Hulifungua mkubwa wa nyumba, na vilivyomo hugawiwa majirani kabla jua la siku ya pili halijatua. Vikilala ndani zaidi ya hapo, mtaa husema mgeni ni bahili. Desturi hii niliijua. Ndiyo maana masanduku mawili mazima yalikuwa ya halua, udi na vitambaa.

"Lakini Shangazi, niliandika 'binafsi'."

"Niliona. Nikasema, huyu mtoto kavificha vizuri nyuma ya vya kawaida. Baba yako naye alikuwa hivyohivyo."

"Na uliwaambia watu ni vitu gani?"

"Nitawaambiaje, na mimi sijui? Niliwaambia ni vifuko vya Maskati. Vinabandikwa, vina mdomo wa kukunja, kila mtu atie anachopenda." Akaacha kuchambua. "Mbona unaketi chini?"

Nilimweleza. Nilitumia sentensi fupi. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umemlalia magotini, kisha akasema polepole:

"Yarabi. Chausiku alisema atatilia barafu."

Usiku huohuo nilimpigia simu Abdullatif. Alisema msafiri anayemwamini angekuja baada ya wiki tano. Nilimwambia mimi nina mifuko mitatu, yaani siku tisa.

"Basi tafuta mtu wa kukuazima," alisema.

"Abdullatif, hivi si vitabu."

Asubuhi ya Jumatano nilianzia dukani kwa muuza dawa. Kijana aliyevaa koti jeupe alinisikiliza kwa adabu kubwa. Aliniletea mpira wa kutilia maji ya moto. Nilipotikisa kichwa, aliniletea mfuko wa mkojo. Nilipotikisa tena, alinipima kwa macho na kuniletea mkanda wa kubana tumbo kwa waliotoka kujifungua, akanipongeza. Nina miaka hamsini na miwili. Nilimshukuru nikatoka.

Hapakuwa na njia nyingine. Ilibidi mifuko irudishwe.

"Umpokonye mtu zawadi mkononi?" Shangazi aliuliza. "Nitauweka wapi uso wangu, Ghalia?"

"Au tuwaambie ukweli."

Tulitazamana. Ukweli hakuna aliyeutaka. Yeye aliogopa maneno. Mimi sikutaka mtaa unijue kwa tumbo kabla haujanijua kwa jina. Shangazi akajitanda ushungi na kusema mambo hayo niyaache mikononi mwake. Nilikosea, niliyaacha.

Tulianza kwa Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu upande wa pili wa mji. Alitukaribisha kwa furaha na kutuonyesha friza lake. Kati ya vifuko vya nailoni vya barafu ya ubuyu, mifuko yangu miwili ilikuwa imesimama wima, imejaa, imeganda, myekundu tele.

"Hiki kifuko ni kiboko!" alisema. "Tundu la juu la kumiminia, chini pamekunjwa hapavuji, na pembeni kuna kitundu cha kupumulia. Waarabu wana akili. Watoto wameng'ang'ania hivi, vya nailoni hawavitaki. Nimebakiwa na kimoja hakijafunguliwa. Hivi mna vingine?"

Shangazi akakohoa. "Chausiku, shoga yangu, kumetokea makosa. Vile vifuko havikuwa zawadi. Vilikuwa vya shughuli."

"Shughuli gani?"

Nilimwona Shangazi akitafuta. Aliangalia dari, akaangalia friza, akaniangalia mimi.

"Ya harusi," alisema. "Vya kutilia asumini na udi, wapewe wageni mlangoni."

"Harusi ya nani?"

Hapo angeweza kumtaja mtu yeyote wa Maskati. Ana wapwa kumi na wanne kule. Lakini uongo si kazi aliyoizoea.

"Ya Ghalia," alisema.

Kigelegele alichokipiga Chausiku kilitoka nje kupitia dirisha, na nadhani kilifika sokoni kabla yetu. Alinikumbatia. Alinirudishia mfuko mmoja uliokuwa mzima, na ile miwili ya ubuyu akaahidi kuiosha, ahadi niliyomwomba asiitimize.

Kwa Saida, fundi cherehani, tulikuta mifuko yote mitatu imebandikwa pembeni ya meza, imechomwa pini kama mto wa fundi. "Inashika pini huwezi kuamini," alisema. Niliamini. Mfuko wenye matundu arobaini haunifai kwa lolote.

Ausi, dereva wa bajaji na baba wa watoto wanne, alikuwa ameubandika mmoja mbele ya usukani na kutia leseni yake ndani, na mwingine kwenye kioo kwa ajili ya miwani. Alinirudishia wa tatu.

"Mama, hii gundi ni noma," alisema. "Barabara ya Mapinga ina matuta, nimekwenda na kurudi, haijaachia. Wanabandikia nini kule kwenu?"

"Mambo mengi," nilisema.

"Na hongera. Bwana harusi wa hapahapa?"

Shangazi alinivuta mkono tukaondoka. Nyumba tatu, mifuko miwili mizima. Nyumba tano zilizofuata hazikutupa hata mmoja, na sababu ilikuwa uongo wetu wenyewe. Habari ilishatutangulia. Kila mlango tuliobisha, mwenye nyumba alitupokea kwa tabasamu na kukataa katakata. Kama vifuko ni vya harusi, walisema, bibi harusi hapiti akivikusanya mwenyewe kama mtu wa takataka. Watavileta wao, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, vikiwa vimejazwa asumini.

"Msivijaze!" nilisema katika nyumba ya tano, kwa sauti iliyonishangaza. Wakacheka. Walisema kila bibi harusi huwa na haraka.

Shangazi alirudi nyumbani akiumwa kichwa. Nyumba ya tisa niliikabili peke yangu.

Ilikuwa ya Mzee Dadi, mgane mwenye umri wa miaka sitini na minne, fundi saa aliyestaafu, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Shangazi alikuwa ameniambia kwamba mzee huyu zamani alikuwa mtu wa watu, akisali safu ya kwanza msikitini, lakini mwaka wa pili sasa husali nyumbani. Mtaa uliamini kwamba aligombana na mwadhini kuhusu saa ya ukutani.

"Shikamoo, Mzee Dadi."

"Marahaba, Bi Ghalia. Karibu. Nasikia hongera."

"Nimekuja kwa ajili ya vile vifuko vitatu."

"Vifuko vipi?"

Katika miaka kumi na tisa nimesikia "kitabu kipi?" mara elfu moja. Nalijua jicho linaloandamana na swali hilo. Niliketi bila kuambiwa.

"Vitatu, vya rangi ya ngozi. Shangazi alikuletea jana saa tano asubuhi. Ulimpa bakuli la tende."

Mezani kwake palikuwa na vifaa vya kazi yake ya zamani: koleo ndogo, kioo cha jicho, mkasi usiozidi kidole. Kando ya mkasi palikuwa na kipande cha kadi kilichokatwa tundu la mviringo katikati, duara safi kabisa. Nilikitazama kipande hicho. Ninacho kama hicho. Hutumika kupimia tundu la mfuko kabla ya kuukata, ili ulingane na tundu la tumbo na usiiache ngozi wazi.

Alifuata macho yangu mpaka kwenye kadi. Akauweka mkono juu yake, kisha akauondoa.

"Lako ni kiasi gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Milimita thelathini na mbili."

"Langu ishirini na nane," alisema, na akafumba macho kama mtu aliyetua gunia.

Aliniambia yote kwa dakika kumi. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam mwaka juzi. Watu waliambiwa amekwenda Ubena kumwona mdogo wake. Kuna muuguzi Dar anayemletea mifuko, lakini mzigo ulikwama, na wa mwisho alionao alikuwa ameuvaa siku ya sita, ameuzungushia utepe wa fundi umeme. Msikiti aliuacha kwa hofu. "Mfuko huu haujui heshima, Bi Ghalia. Unaweza kunguruma katikati ya sijida. Nikasema afadhali wadhani nimegombana na mwadhini." Shangazi yangu alipomletea mitatu ya zawadi, mipya, ndani ya karatasi yake, alidhani amefunuliwa. Kisha aliona hajafunuliwa, ila amepewa tu. Alimpa tende kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha thamani karibu.

"Mmoja nimeuvaa leo asubuhi," alisema. "Miwili hii hapa. Ni yako, ichukue."

Alikwenda kuitoa. Haikuwa kabatini, ilikuwa chini ya kiti cha mtungi wa maji, ndani ya bakuli lenye kifuniko. "Joto la hapa hulegeza gundi," alisema. "Usiweke karibu na bati. Weka penye mtungi." Muuguzi wa Maskati alinifundisha mambo mengi, lakini hakuwahi kuishi chini ya bati la Bagamoyo.

Niliitazama mifuko miwili. Yangu ilikuwa mitatu, na miwili tuliyorudishiwa. Mitano, siku kumi na tano. Wiki tano ni siku thelathini na tano. Mkutubi hufanya hesabu hiyo bila kutaka.

"Muuguzi wako anasema mzigo unafika lini?"

"Wiki mbili. Ukitaka nitamwambia aongeze na wa kwako. Lakini Bi Ghalia," alisema, "jina langu lisitajwe."

"Kaa na hii miwili," nilisema. "Nimekuazima."

Ijumaa, baada ya alasiri, vigelegele vilianza kona ya barabara. Walikuja wanawake wanane, Chausiku mbele na sinia la asumini kichwani. Walijaa barazani. Shangazi alikuwa ameketi pembeni kama mtuhumiwa. Saida alitandika mkeka, na mmoja wa wenye nyumba tano akatoa mifuko yake kwenye kitambaa cheupe.

Nilishusha pumzi. Ilikuwa ndani ya karatasi yake, haijaguswa. Na wa pili hivyohivyo. Wote watano walikuwa wameifungia mifuko yangu katika kabati la vyombo, pamoja na vikombe vya wageni na sahani ambazo hazijaliwa tangu zinunuliwe. Mifuko kumi na mitano, mizima, imenusurika kwa sababu ilikuwa mizuri mno kutumiwa.

Chausiku alichukua mmoja na kukamata kona ya karatasi kwa meno.

"Usiichane!" nilisema.

Nilisimama. Nilikuwa na chaguo la kutunga uongo mwingine, lakini niliutazama ule wa kwanza ulikonifikisha, nikaona familia yetu haina kipaji.

"Hakuna harusi," nilisema. "Shangazi alinisitiri mimi, msimlaumu. Mifuko hii si ya asumini. Ni ya choo."

"Ya choo cha nani?" aliuliza Chausiku, karatasi bado iko menoni.

"Changu."

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapo juu: saratani, utumbo, tundu, siku tatu. Niliwaambia pia kwamba nimebakiwa na mifuko ya siku zisizofika kumi na tano, na kwamba bila mifuko hii sitaweza kutoka chumbani, achilia mbali kuja kuwasalimu. Asumini ilinukia.

"Lakini," alisema Chausiku hatimaye, "ilikuwa mipya?"

"Mipya kabisa."

"Haijawahi kugusa… popote?"

"Haijawahi."

"Alhamdulillahi!" Akaketi kwa kishindo. "Maana ile barafu mwenyewe nimelamba mbili."

Sijui nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni Shangazi. Saida alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akaniomba niusimamishe mmoja auone vizuri, akaupima kwa mkono na kutangaza kwamba rangi yake ni mbaya na kwamba atanishonea vifuniko vya kitambaa laini, vya maua, vya Idi na vya siku za kazi. Mama mmoja alisema shemeji yake wa Mapinga alikuwa na kitu hicho na alificha mpaka akafa, maskini, wala hakufa kwa hicho. Waliniwekea mifuko yote mkekani. Chausiku aliihesabu kwa sauti.

"Kumi na mitano, na miwili mliyonayo. Miwili yangu imeliwa, ya Saida imechomwa, ya Ausi ina leseni. Bado ya Mzee Dadi mitatu. Nikamchukulie sasa hivi?" Tayari alikuwa ameinuka nusu.

"Acha," nilisema. "Ile nimemwachia."

"Umemwachia? Mifuko ya choo? Ya nini?"

Wanawake wanane walinigeukia. Sharti la kwanza la maktaba ni ukimya. La pili, ambalo watu hawalijui, ni kwamba mkutubi hasemi nani kaazima nini. Nilifunga mdomo. Nilihisi uso unapata moto.

Chausiku alinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake na kuenea polepole mpaka wa pili.

"Aaa," alisema. "Kumbe. Bi Shaikha, wewe hukudanganya. Ulitangulia tu." Akageukia wenzake. "Bwana harusi tumeshampata."

Kigelegele cha safari hii kilipigwa na wote kwa pamoja, na sinia la asumini nikamwagiwa kichwani. Nilifungua mdomo kukanusha. Kisha nikafikiri: nikikanusha, wataendelea kuuliza ile mifuko ni ya nini. Nikaufunga.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mzee Dadi mlangoni kwake amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mtaa mzima ulikuwa unafagia nje, na kila mfagio ulikuwa umeelekea upande wetu.

"Shikamoo, Mzee Dadi."

"Marahaba. Ingawa kwa nilivyosikia, shikamoo haifai tena baina yetu."

"Nisamehe. Walinibana. Lilikuwa hilo au lile jingine."

"Nimeelewa." Alishika kitasa cha mlango akakigeuza huku na huku. "Mwadhini amenipigia simu kunipongeza. Amesema nirudi safu ya kwanza, yameisha. Nami sikumbuki tuligombania nini."

"Na mfuko ukinguruma?"

"Watasema ni furaha." Alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema: "Muuguzi amejibu. Mzigo wa wawili, Alhamisi ya wiki ijayo. Twende Dar pamoja kuuchukua? Bi Shaikha akubali kufuatana nasi, isionekane vibaya."

"Anakubali. Amekwisha kuchagua kanga."

"Na hawa?" Alionyesha mifagio kwa kidevu. "Wakiuliza shughuli ni lini?"

"Tuwaambie inaandaliwa."

"Maandalizi huchukua muda gani?"

Nilifikiria. "Maktabani kwetu mtu aliruhusiwa wiki mbili," nilisema, "na kama hakuna mwingine anayekihitaji kitabu, anaongezewa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayesikiliza saa iliyoanza kutembea. Kisha akauliza kama nimekwisha kuhamishia mifuko yangu penye mtungi.